Si Kila Ajali ni Dhoruba: Mafunzo kwa Wenye Vyombo Vidogo vya Baharini

Katika daftari la kumbukumbu za kamati ya msikiti wetu, ambalo nimelishika kwa mwaka wa sita sasa, upo ukurasa mmoja wenye sentensi iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Ilisema kwamba katika kurejea mazikoni chombo kilikumbwa na dhoruba, na kwamba tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwa watu wote walisalimika. Sehemu ya pili ya sentensi ilikuwa kweli tupu. Sehemu ya kwanza haikuwa kweli. Kwa ajili hiyo nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza ndugu zangu Waislamu, hususan wenye vyombo vidogo na familia zinazovipanda, yaliyotokea siku ile na tuliyojifunza baada yake.

Safari ya mazikoni

Sisi ni watu wa Pangani. Mimi na kaka yangu tunamiliki mashua ndogo ya mbao tuliyorithi kwa marehemu baba yetu, yenye mashine ya nguvu za farasi 15. Uwezo wake ni watu 10. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiwahesabu abiria kwa vidole vyake, na vidole vikiisha humwambia anayefuata asubiri zamu ya pili, awe nani awaye.

Ilikuwa mwezi 16 wa Mfunguo Nne, katikati ya msimu wa kusi. Usiku, baada ya sala ya Isha, ilitufikia habari ya msiba katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya mji wetu. Maziko yalipangwa kuwa baada ya Adhuhuri. Tukakubaliana kuondoka alfajiri na kurejea saa 10 alasiri, maji yakiwa yamejaa. Mpango huo haukuwa na kasoro.

Kasoro ilianzia kwenye karatasi ya majina, na aliyeishika karatasi hiyo ni mimi. Kila jina lilikuja na sababu yake. Huyu ni dada wa marehemu. Huyu ndiye atakayeosha maiti. Huyu ni bibi aliyemlea marehemu, naye hawezi kumwacha nyumbani mjukuu wake wa miaka saba. Nilipofika jina la 10 niliona haya kuikunja karatasi. Nani atamwambia mwenziwe kuwa wewe leo humziki ndugu yako? Tulipong'oa nanga tulikuwa watu 17, pamoja na magunia mawili ya mchele ya kuwapelekea wafiwa. Ukingo wa mashua ulibaki shibiri moja tu juu ya maji.

Maboya ya kujiokolea tulikuwa nayo manne. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba kule omoni, yangali ndani ya nailoni yaliyonunuliwa nayo ili yasichakae, na juu yake tuliyapanga magunia ya mchele.

Kwenda kulikuwa kwema. Upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo na bahari ilikuwa imelala. Wema huo ndio uliotudanganya, kwa kuwa kila mmoja alijisemea moyoni kwamba mbona chombo kimebeba. Kule kijijini maziko yakacheleweshwa kumsubiri mtoto wa marehemu aliyekuwa njiani kutoka Dar es Salaam, hata yakawa baada ya Alasiri. Ilipotimu saa 11 ndipo tukaingia chomboni. Saa ilikuwa imebadilika, na maji yalikuwa yamebadilika pamoja nayo, lakini hakuna aliyesema neno.

Wanaoijua Pangani wanajua kuwa mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga. Maji yakijaa, chombo hupita juu yake kwa salama. Maji yakitoka, mkondo husukuma kwenda nje ilhali upepo wa kusi husukuma mawimbi kuja ndani. Viwili hivyo vikikutana, wimbi husimama wima, fupi na kali, hata siku ambayo bahari ya mbali ni shwari. Tulifika hapo wakati wa Magharibi, siku ya bamvua, maji yakitoka kwa nguvu zake zote.

Nahodha wetu aliliona jambo. Akapunguza mashine, akasema tugeuze, tutafute mahali pa kutia nanga na kusubiri maji yarudi. Kusubiri huko kungekuwa kwa saa kadhaa, gizani. Basi kila mtu akawa na rai yake. Mmoja akasema watoto wana njaa. Mwingine akasema Magharibi inatupita. Mwingine akasema yeye amepita hapo mara mia. Wahenga walishasema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Nahodha ni kijana, na waliokuwa wakimsemesha ni wazee wake. Akaona haya kama nilivyoona mimi asubuhi, akaelekeza omo mlangoni.

Wimbi la kwanza tulilipanda. La pili lilimwagika ndani kwa nyuma, na watu wakakimbilia upande mmoja kulikwepa. La tatu lilikuta ukingo umeshalala majini. Mashine ikazimika, mashua ikajaa maji hadi juu. Kwa rehema za Mola haikupinduka, na kwa kuwa ni ya mbao haikuzama. Nahodha alipiga kelele neno moja tu, akalirudia bila ya kuchoka: kishikeni chombo, asiogelee mtu. Bibi yule alikuwa amevaa buibui ambalo maji yalilifanya zito kama mkeka uliolowa, nalo likawa linamvuta chini. Mjukuu wake alikuwa amekumbatia dumu tupu la petroli la lita 20. Maboya manne tuliyoyatunza yasichakae yalikuwa chini ya mchele, chini ya maji.

Wavuvi wa Bweni, ng'ambo ya mto, walizisikia sauti zetu, wakaja na ngalawa mbili. Hakufa mtu.

Neno la mzee mmoja

Ijumaa iliyofuata tulisoma hitma ya shukrani, tukachinja, tukala. Nikaandika katika daftari sentensi ile niliyokwisha kuitaja. Nilipoisoma mbele ya kamati, mzee mmoja aliyekuwa nahodha kwa zaidi ya miaka 40 aliinua mkono.

"Katibu, mwanangu," akasema, "dhoruba gani unayoisoma? Upepo ule ni wa kila siku katika kusi. Mimi siku ile nilikuwa pwani nikishona nyavu. Andika idadi ya watu. Andika saa. Andika maboya yalikuwa wapi."

Nikamjibu, "Mzee wangu, yaliyopita si ndwele. Mungu ametusitiri."

Akasema, "Ametusitiri, naam. Basi nasi tusimsingizie upepo wake."

Sina budi kukiri kwamba nilikasirika. Ila nilipofika nyumbani nilitambua kuwa nimesema uongo katika daftari la msikiti, na kwamba niliusema ili kujilinda mimi mwenyewe. Mtu angekufa siku ile, tungeketi na kuulizana sababu. Kwa vile hakufa mtu, tulisema alhamdulillahi na kufunga mjadala. Ajali isiyoua mtu ni mwalimu anayefundisha bila ya ada, nasi tulikuwa tukimfukuza kwa jina la shukrani.

Waliyosimulia wenye vyombo

Tukawaalika wenye vyombo vidogo barazani baada ya Isha, kila mmoja aeleze ajali iliyomkuta na akapona. Sharti lilikuwa moja: asitaje upepo kabla ya kutaja kosa lake. Mwanzo watu walitazamana. Mmoja alipoanza, usiku haukututosha.

Wa kwanza alisimulia mashine iliyozimika karibu na fungu la Maziwe. Petroli aliinunua katika madumu na ilikuwa imechanganyika na maji. Hakuwa na plagi ya akiba, wala kasia, wala tanga. Akatupa nanga, lakini kamba yake ilikuwa pima 15 na kina kilizidi hapo, hata nanga ikaning'inia kama chambo. Kusi ikamchukua usiku kucha kuelekea kaskazini mpaka mashua ya wavuvi ilipomwona kulipopambazuka. Mafunzo yake ni haya. Petroli ichujwe kabla ya kutiwa. Igawanywe mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, na moja la akiba lisiloguswa. Kamba ya nanga iwe ndefu angalau mara tatu ya kina cha maji, na zaidi ya hapo pakiwa na upepo, kwa sababu nanga hushika ikivutwa kwa ulalo, si ikivutwa wima. Na mwenye mashine asidharau kasia.

Wa pili alisimulia dau lake alilolipandisha pwani kabla ya Ramadhani na kuliacha juani muda wa miezi miwili. Mbao zilikauka na kunywea, pamba ya kalafati ikalegea. Akalishusha siku hiyo hiyo ya kwenda kuvua. Walipokuwa mbali walikuta maji yamefika vifundoni, na chombo cha kukumbia maji kilikuwa kopo moja la maziwa. Funzo lake ni kuwa chombo kilichokaa juani hukaguliwa kalafati ubao kwa ubao, kisha huachwa majini ufuoni siku kadhaa hata mbao zinywe na kufunga, ndipo kiende mbali. Na ndani yake hapakosi ndoo ya kukumba maji iliyofungwa kwa kamba, maana ndoo isiyofungwa huwa ya kwanza kuelea na kwenda zake.

Wa tatu alitunyoosha mkono wake wa kushoto, nasi tukaona kovu. Alikuwa peke yake katika boti ya faiba. Wimbi likamrusha nje, mashine ikaendelea. Boti isiyo na mtu haiendi moja kwa moja. Huzunguka na kurudi pale pale. Ilirudi, na pangaboi likampata mkononi. Mashine nyingi za mkia huja na kamba fupi ambayo ncha moja hufungwa mwilini mwa dereva ili akianguka mashine izimike. Yake alikuwa ameifunga kwenye mashine yenyewe moja kwa moja, kwa sababu ilimsumbua mkononi. Nilipouliza ni wangapi hapo barazani waliofanya hivyo hivyo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua mkono, mimi nikiwa miongoni mwao.

Je, ajali haina kinga?

Usiku ule msemo uliorudiwa mara nyingi ni kwamba ajali haina kinga. Ni msemo wa kumliwaza mfiwa, na mahali pake ni matangani. Ukitumiwa kabla ya safari huwa ni hatari. MV Bukoba iliyozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zote zilikuwa zimebeba watu kupita kiasi chake. MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa abiria 101, na waliofariki peke yao walizidi 200. Kosa la meli hizo na kosa la mashua yetu ni moja. Tofauti ni ukubwa wa chombo.

Dini yetu haikutufundisha kungoja kadari tukiwa tumekunja mikono. Imam Tirmidhi amepokea kwa Anas bin Malik (R.A.) kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge, kisha ategemee. Nabii Nuhu (A.S.) alikuwa Mtume mwenye ahadi ya Mola wake, lakini hata yeye aliamrishwa ajenge jahazi kabla ya maji kuja.

Na katika Sahihi Bukhari imo hadithi ya An-Nu'man bin Bashir (R.A.) ambayo yafaa kila abiria aijue. Mtume (S.A.W.) alitoa mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kila wakihitaji maji, ilibidi wawapitie wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wenzao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwazuia mikono, wote wataokoka. Ndugu zangu, tazameni kuwa watoboaji wa mfano huu hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na haya ya kuwasumbua wenzao. Haya hiyo hiyo ndiyo iliyoniongezea majina saba katika karatasi yangu.

Wapo wanaosema kuwa aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Ni kweli, imethibiti katika hadithi sahihi. Lakini hiyo ni fadhila ya Mola kwa aliyekufa. Si kinga ya mwenye chombo siku atakapoulizwa aliwapakiaje watu wake.

Yanayohusu familia

Kina mama wengi hukataa boya kwa kuona haya kulivaa mbele ya wanaume, na vijana hulikataa kwa kuona ni woga. Boya huvaliwa juu ya buibui, nalo halivunji stara ya mtu. Mtoto avalishwe boya la kimo chake tangu ufuoni, kwa sababu la mtu mzima humchomoka kichwani. Asifungwe kwa kanga kiunoni mwa mama wala kwenye chombo, maana chombo kikipinduka fundo halitafunguka.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa nchi kavu majina ya waliomo na saa mnayotarajia kufika, ili msipofika ajue kuwa imempasa kutoa taarifa. Simu itiwe katika nailoni mbili na ifungwe vizuri. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024 tahadhari zilitangazwa mapema. Aliyezisikia na kuzifuata alivuta chombo chake juu. Nasi Waislamu tuna kalenda yetu ya mwezi mkononi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na mikondo huwa na nguvu. Anayejua leo ni mwezi ngapi ameshajua nusu ya habari za bahari. Na chombo kikaguliwe na kipewe cheti na mamlaka husika, ambayo huku bara ni TASAC. Idadi iliyoandikwa katika cheti ndiyo idadi, siku ya harusi na siku ya msiba.

Jina la 11

Sentensi ya dhoruba niliikata kwa kalamu nyekundu mbele ya kamati. Chini yake nikaandika: watu 17 katika chombo cha watu 10, maboya manne, yote yamefungwa, maji yakitoka, nahodha alitaka kusubiri, tukamkatalia. Kisha tukapitisha mambo matatu. Safari yoyote ya msikiti haitazidi idadi ya cheti. Maboya yatavaliwa kabla ya chombo kuondoka ufuoni. Na nahodha akishasema tusubiri, hakuna mzee, imamu wala katibu mwenye ruhusa ya kumjibu.

Kuandika ni rahisi. Mwezi uliopita ulitokea msiba katika kijiji kile kile. Nikashika karatasi ya majina, nikafika 10, nikaikunja. Aliyekuja baada ya hapo alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja, naye ni rafiki wa marehemu tangu utotoni.

"Mimi wa kuachwa na wewe?" akaniuliza mbele ya watu.

"Mjomba, niwie radhi," nikamwambia. "Chombo kimetimia."

Nilitaka kushuka nimpishe, lakini mimi ndiye niliyekuwa na sanda na amana ya wafiwa, na hapakuwa na muda wa kukabidhiana. Mjomba akavuka mto kwa pantoni, akapanda bodaboda kwa njia ya vumbi. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akasimama peke yake akaomba dua, nami nikimtazama kwa mbali na maneno yakinikwama kooni.

Tulirejea saa 10 na nusu, maji yakiwa yamejaa, tukapita juu ya fungu kana kwamba halipo. Mpaka leo mjomba huitikia salamu yangu kwa neno moja na kugeuza uso. Kila Ijumaa, tukishasali, humfuata kumpa mkono. Naamini iko siku ataushika. Na kama hataushika, namwomba Mola aniwezeshe kuikunja tena karatasi nikifika jina la 10, awe nani awaye wa 11.